Dagaa wa Mzazi

Teluk Gedung, Kisiwa cha Pangkor
11 Februari 1986

Kwa mzazi mwenzangu, Bi Saodah,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute umeketi, maana kopo lililokuja nayo si la kupokelewa na mtu aliyesimama. Nimemkabidhi dereva wa basi la Seremban na nimemwapisha asiliweke karibu na injini. Amecheka. Nikamwambia, "Cheka, lakini likifika limepata joto nitakungoja hapahapa bandarini Lumut."

Nakushukuru tena kwa kumweka Norlida wangu. Kwetu kama kwenu, mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti. Nilishakipaka chumba chokaa, godoro nimelianika. Lakini daktari akishasema presha, hakuna safari wala kuvuka bahari, mtu afanye nini? Mwanao Kamarul yuko mpakani na jeshi lake, na nyumba iliyokuwa karibu ni yako. Mwenyezi Mungu ndiye aliyepanga. Nimekubali. Nimekubali kwa shida, sikufichi, lakini nimekubali.

Sasa hawa dagaa. Usiwafananishe na wa dukani. Boti ya shemeji yangu Ramli huwachemsha palepale walipovuliwa, kwa maji ya bahari yenyewe, kabla hawajajua kuwa wamekufa. Wakifika huku naanika mimi, nachambua mimi. Kila mmoja nimempasua katikati, nikamtoa kichwa na uti na ule weusi wa tumboni. Ukimkuta mmoja ana weusi, mweke, nikija nitamla mbele yako bila wali.

Ni chakula cha Norlida cha arobaini. Malenge na matango na kila kitu cha baridi asiguse, hayo unayajua kuliko mimi. Akishakandwa na jiwe la moto, mpe wali mkavu unaofuka na dagaa waliokaangwa kavu kwa pilipili manga. Basi, kaanga tu. Mama yangu alinilisha hivyo, na mimi Norlida nimemlisha hivyo kila alipougua. Akiwa kitandani hali kitu kingine. Ni mkaidi, amechukua kwa baba yake.

Nitafika kabla ya siku ya saba, inshallah. Mbuzi asichinjwe bila mimi.

Mwenye kukuombea dua,
Rokiah binti Isahak


Kuala Pilah
2 Machi 1986

Mzazi mwenzangu Bi Rokiah,

Wa alaykumu salaam. Telegramu ya kuzaliwa najua mliipata, kwa sababu mumeo alijibu. Mtoto ni wa kike, anaitwa Maisarah. Norlida anasema ana masikio yako. Mimi siwezi kuapa, siku ya harusi ulijifunga mtandio mkubwa.

Siku ya saba tumemnyoa nywele na tumechinja. Tulikungoja. Imamu alitaka kuanza, nikamwambia bado kuna mtu njiani. Akangoja, watu wakangoja, mbuzi peke yake ndiye aliyefurahi. Kila aliyeingia aliniuliza swali lilelile: "Mama wa binti yuko wapi?" Wewe unajua huku kwetu Kuala Pilah nyumba ni ya wanawake. Shamba ni la mama, ukoo ni wa mama. Mjukuu wa kike akinyolewa bila mama wa mama yake kuwapo, bibi wa upande wa pili hutazamwa kama mwizi. Dada yangu Jamilah alinisogelea na sahani yake akaninong'oneza, "We Saodah, umeiba mtoto wa watu?" Nikamwambia, "Nyamaza ule."

Na walichokula ndicho ninachotaka kukueleza. Nilifungua lile kopo lako. Subhanallah! Wamenyooka, wanang'aa, hawana hata doa. Nilishindwa kuwaficha jikoni kama kitu cha aibu. Nilichuma kisamvu, nikakamua nazi, nikatia manjano na pilipili zetu kichaa, nikawamimina dagaa wote. Nikasimama mlangoni natangaza kama mnadi: "Hawa wametoka kisiwani, kwa mzazi mwenzangu!" Watu waliinamia sahani wanatafuna. Imamu alirudia sahani. Kopo limekwisha, hata vumbi halikubaki.

Norlida hajambo, anapumzika. Ukipata nafasi, njoo. Sisi si watu wa kula mtu.

Saodah binti Lajis


Teluk Gedung
10 Machi 1986

Bi Saodah, mzazi mwenzangu,

Assalaam alaykum. Usishangae mwandiko. Miwani yangu imevunjika, kwa hiyo mimi nasema na mzee wangu Jamaluddin anaandika. Ukikuta herufi imekosewa, ni yake.

Barua yako nimesomewa, nikaomba nisomewe tena. Masikio ya Maisarah yamenifurahisha mpaka nimekwenda kuyatazama yangu kwenye kioo. Alhamdulillah. Mungu amkuze katika dini.

Imamu amerudia sahani, afya kwake. Lakini mzazi mwenzangu, dagaa wale walikuwa wa mzazi. Hawakuwa wa imamu. Nilikuwa nikiwachambua huku nasema bismillah na kutaja jina la mwanangu. Sasa wamo matumboni mwa watu nisiowajua, tena ndani ya kisamvu, kitu ambacho mzazi haruhusiwi hata kukinusa. Yeye alikula nini siku hiyo? Hukuniambia.

Yamepita. Natuma wengine. Safari hii, tafadhali, wageni wale mbuzi.

Kuja, siwezi kuja sasa. Boti zinaingia kwa wingi na dagaa hawamngoji mtu. Mwambie Norlida mama yake ni mzima kabisa na asiwaze. Mzazi akiwaza maziwa hukimbia.

Wako, Rokiah
(kwa mkono wa Jamaluddin)


Kuala Pilah
19 Machi 1986

Bi Rokiah,

Salamu nimezipokea. Kopo pia nimelipokea, nikalifungua mbele ya Jamilah, na hapo ndipo nilipokosea. Nilitaka aone. Akaona. Dagaa wazima! Vichwa, macho, matumbo, wote wananikodolea. Jamilah alicheka mpaka akakaa chini. "Mzazi mwenzako amekutumia chakula cha bata!"

Mimi ni mtu wa bara, bahari naiona kwenye kalenda. Lakini hata mimi najua kwamba wakwe hutumiwa dagaa waliochambuliwa. Wenye vichwa vyao huenda dukani kwa gunia. Nimeelewa ujumbe. Niliwapa wageni wale wa kwanza kwa sababu nilikuonea fahari, wewe umeniadhibu kwa hawa wa pili. Kuja hukuja. Kuandika nako huandiki, unamtumia mumeo kama karani wa mahakama. Sawa.

Ningeishia hapo na kutia sahihi. Lakini kuna jambo nimekuwa nikikuficha, na nikiendelea nitaulizwa mbele ya Mungu. Norlida hali chakula.

Nimenunua dagaa sokoni, nimewakaanga kavu kwa pilipili manga kama ulivyosema. Anachukua tonge, analitazama, analirudisha. "Nimeshiba, Mama." Nimempa kuku wa kienyeji. "Nimeshiba, Mama." Mashavu yamebonyea. Maziwa ni haba. Maisarah ananyonya analia, ananyonya analia, na mimi napita ukumbini namwimbia mtoto ambaye hanisikilizi. Mkunga amesema wiki hii isipoleta nafuu tumpeleke hospitali akatiwe maji mwilini.

Jana nilimbana. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi si mama yako, lakini nipo. Nambie unataka nini." Akafuta macho na ncha ya shuka. Akasema, "Si hivi, Mama. Vya nyumbani vilikuwa vinanukia moshi. Sijui Mama alikuwa anatia nini. Akivipika alikuwa anatufukuza jikoni."

Rokiah, unatia nini?

Kama kuna kitu umekibakiza, mimi na wewe tutagombana baadaye, umri tunao. Mtoto wako hana nguvu za kungoja.

Saodah


Teluk Gedung
22 Machi 1986

Saodah, dada yangu,

Barua hii anakuletea Ramli kwa mkono wake. Nimemtoa kwenye boti na miguu yake mibichi. Mpe chai, umsikilize akilalamika, halafu uingie jikoni kabla hajamaliza.

Ni vichwa.

Chukua wale wazima niliokutumia, wale wa bata. Wachambue. Weusi wa tumboni utupe, ndio wenye uchungu. Miili iweke pembeni. Vichwa vitie kikaangoni bila tone la mafuta, moto mdogo, na usiondoke hata mlango ukibishwa. Koroga mpaka viwe rangi ya kahawa na jikoni kunuke kama kibanda cha kukaushia samaki. Vitwange pamoja na pilipili manga, uchekeche miba. Kisha miili nayo uikaange kavu mpaka iwe inachakarika ukiigusa na mwiko. Epua, nyunyiza ule unga ikiwa bado ya moto, ufunike, uache mvuke wake wenyewe uishikanishe. Chumvi usitie. Bahari imeshatia.

Mama yangu alinionyesha hayo siku Norlida alipozaliwa. Akaniambia, hii haisemwi, huonyeshwa, na huonyeshwa binti naye akishazaa. Nimekaa nayo miaka yote namngoja Norlida afike siku hiyo. Nilipokuandikia "kaanga tu", nilijua ninachokifanya. Nilitaka ale cha kwako, akikose cha kwangu, anitaje. Amenitaja. Astaghfirullah, sikujua ataacha kula. Nimeswali nikaomba nisamehewe, na sasa nakuomba wewe. Umekuwa mtu wa kwanza nje ya damu yetu kuyajua haya, na nimeyasema kwa mdomo, mwanamume akiyaandika. Mama yangu huko aliko atanisamehe au atanisubiri.

Kuhusu wale wenye vichwa, sikukutukana. Wallahi. Tulikuwa na haraka tu.

Mlishe mwanangu.

Rokiah

*

Bi Saodah, hapa naandika mimi Jamaluddin kwa niaba yangu mwenyewe. Amekwenda kutawadha. Miwani yake haijavunjika, iko juu ya pua yake. Kilichovunjika ni mkono wa kulia. Aliteleza gatini amebeba ungo wa dagaa, asubuhi ileile aliyokuwa afunge mizigo aje kwenu. Fundi wa mifupa ameufunga kwa mianzi kutoka vidoleni mpaka kiwikoni. Nilimwambia twende hivyohivyo. Akanijibu, "Niende nikakae kama mgeni, nilishwe mimi kwenye arobaini ya mwanangu? Afadhali waniite jeuri." Wale dagaa wa pili alijaribu kuwachambua kwa kushoto, akashindwa. Nikajaribu mimi, lakini vidole vyangu ni vya kamba na nanga, nikawaponda. Tukawatuma wazima, naye akageukia ukutani akalia. Usimwambie nimekwambia. Nasikia ndoo, anarudi.


Kuala Pilah
25 Machi 1986

Rokiah,

Ramli ataondoka na hii asubuhi. Amelalamika kweli, hasa juu ya milima yetu.

Sasa keti wewe.

Nilimfukuza Jamilah jikoni. "Nyumba ya mama yetu hii, unanifukuza?" Nikamwambia, "Leo jiko lina mwenyewe, si mimi wala si wewe." Nikachambua. Kucha zinauma mpaka sasa, sijui nyinyi mnafanyaje. Nikaweka vichwa kikaangoni, moto mdogo, nikasimama. Mlango ulibishwa. Sikwenda. Alikuwa mwenye kuuza tofu ya soya, kaondoka ananitukana kwa Kichina.

Vilipoanza kugeuka rangi, harufu ikaenda zake ukumbini. Nikavitia kinuni. Nikatwanga kidogo tu, nikasikia mlango wa chumba. Norlida, ambaye hakuwa anainuka ila kwenda msalani, amesimama ameshika ukuta, nywele zimemwagika, uso umechangamka kama wa mtoto siku ya Idi. Akauliza, "Mama amefika?"

Rokiah, mchi ulikuwa bado mkononi mwangu. Akachungulia, akaona ni mimi na kinu changu na jasho langu. Nilidhani atarudi kitandani. Alinitazama, akatazama kinu, akakaa palepale sakafuni, akasema, "Nipe na ukoko, Mama."

Alikula nikiwa nimemshikia sahani. Aliposhiba kweli alilamba ule unga kwenye vidole kimoja baada ya kingine, na mimi mtu mzima nimekaa namtazama mtu akilamba vidole kama natazama harusi. Ilikuwa jana. Leo ameomba kabla sijauliza, mara mbili. Maziwa yameanza kurudi, Maisarah amenyonya akalala, na mimi nimelala, na hata Jamilah amelala, ambaye hakuwa na sababu ya kuchoka. Mkunga kasema hospitali basi.

Nilijivuna, sikufichi. Lakini nilijua ninachojivunia si changu.

Mumeo hakuniambia lolote. Kwa hiyo mimi sijui lolote kuhusu mkono wa mtu yeyote, wala mianzi, wala aliyegeukia ukutani. Najua hili tu: adat yetu, mila ya mama zetu, inasema mzazi hutoka arobaini kwenye nyumba ya mama yake, na mimi sitaki kuzeeka nikiitwa mwizi. Daktari ametoa ruhusa. Arobaini ikikaribia kwisha, ifikapo tarehe mbili mwezi ujao, nitapanda basi na Norlida na Maisarah tuje Lumut, tuvuke.

Lakini nauliza kwanza, kwa sababu nakujua sasa. Utakubali tukukute ulivyo? Utakubali kukaa, mwingine apike jikoni kwako? Kama hilo litakuumiza kuliko mfupa, sema. Tutabaki huku, na sitakukasirikia. Uamuzi ni wako.

Saodah


Teluk Gedung
29 Machi 1986

Saodah dada yangu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Hii naandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Herufi zimelala kila upande, usicheke. Jamaluddin nimemwachisha ukarani. Aliniambia mwenyewe alichokuandikia, maana hajui kuficha kitu, akila ndizi ya jirani uso unasema. Nilinuna mpaka alasiri. Halafu Ramli akafika na barua yako, nikasoma pale Norlida alipouliza "Mama amefika?", nikaikunja, nikaenda kuswali rakaa mbili nikiwa siwezi hata kuinua mikono yote miwili kwa takbiri, nimeuinua mmoja.

Mwanangu amekula. Sina la kuomba zaidi.

Umeniuliza kama nitakubali. Nilijifikiria siku nzima, nitakwambia kweli. Mimi katika kijiji hiki natambulika kwa jiko. Akizaa mtu, mimi. Akifiwa mtu, mimi. Sijawahi kukaa kitini nyumbani kwangu mgeni akiwa amesimama. Jirani yangu Zabedah aliposikia mnakuja alikimbia hapa: "Utawapikia kwa mkono gani, Kiah? Nije nikupikie, niseme ni wewe?" Ni mwema. Na mwezi uliopita ningemwambia njoo, funga mlango.

Nikamwambia, "Hapana. Atapika mgeni."

"Mgeni! Mama mkwe wa binti yako, apike vya arobaini kwenye nyumba yako, nawe umekaa? Watu watasema nini?"

"Waseme. Tena waje karibu wasikie harufu."

Kwa hiyo njooni. Dagaa wapo, wameanikwa na Ramli, wana vichwa vyao vyote. Chumba kimepakwa upya. Usibebe pilipili zako kichaa, mzazi bado ni mzazi mpaka siku itimie, baada ya hapo tia unavyotaka tufe sote. Utakapowasha jiko, mwite Norlida asimame kando yako, umshike mkono, umwonyeshe moto mdogo ni upi. Nilisema nitamwonyesha mimi. Utamwonyesha wewe, na itakuwa imeonyeshwa.

Mimi nitakaa barazani, mkono juu ya mto, Maisarah mapajani. Madirisha ya jikoni nitayafungua yote. Wanawake wa Teluk Gedung watapita, wanapenda kupita, na watasimama, kwa sababu harufu ile wanaijua ni ya nyumba hii na mwenye nyumba wanamwona amekaa nje. Watauliza nani yuko jikoni kwa Rokiah. Nami nitajibu kwa sauti ya kufika gatini: ni Saodah binti Lajis wa Kuala Pilah, mzazi mwenzangu, ndiye aliyemlisha mwanangu.

Rokiah